Kutaja rangi ya mtuhumiwa, kutoitaja, au kuitaja kwa wote: dawati la habari lifuate njia ipi?

Taarifa ya polisi inaingia jioni, imebaki nusu saa kabla ya habari kurushwa. Ina mistari minne: wizi wa kutumia silaha, saa, mtaa, na "mwanamume mweusi wa miaka 20 hadi 30 aliyevaa fulana nyeusi". Neno "mweusi" libaki au litoke? Likibaki, kila mwanamume mweusi wa umri huo amekwishatiliwa shaka. Likitoka, hakosi msomaji wa kusema chombo kinaficha. Mhariri asiye na kanuni iliyoandikwa huamua kwa hisia, kesho mwenzake anaamua vingine, na mwisho wa mwaka maamuzi hayo yaliyotawanyika ndiyo yaliyomchorea msomaji sura ya mhalifu, ya maskini na ya mhanga.

Vyombo vya habari duniani hufuata njia tatu. Tunazilinganisha hapa, kisha tunagusa mambo mawili ambayo kanuni ya kutaja au kutotaja haiyafikii kamwe: picha na vitenzi.

Ya kwanza: itajwe pale tu inapohusika

Hii ndiyo njia ya vyombo vingi vikubwa. Nchini Uingereza, kifungu cha 12 cha Kanuni za Wahariri, zinazosimamiwa na IPSO, chombo cha kusimamia magazeti, kinataka rangi, asili au dini ya mtu isitajwe isipokuwa inahusika kweli na habari yenyewe. Shirika la Associated Press la Marekani lina msimamo wa namna hiyo katika mwongozo wake wa uandishi. Ujerumani, kifungu cha 12.1 cha Baraza la Habari kilidai zamani kuwepo uhusiano unaoelezeka kati ya asili ya mtu na kosa. Machi 2017 kigezo kikabadilishwa kuwa maslahi ya umma yenye sababu ya msingi, pamoja na onyo kwamba kutaja kunaweza kuchochea chuki dhidi ya jamii zenye watu wachache. Maelekezo yaliyoambatana nacho yanasema kwamba udadisi wa wasomaji peke yake si kigezo.

Kwenye karatasi njia hii inapendeza. Inapoharibika, huharibika kwa namna mbili.

Kwanza, neno "inahusika" linavutika kama mpira. Mzungu akiiba simu, hakuna anayeona uhusiano wowote. Mhamiaji akiiba simu, uhusiano unapatikana haraka sana. Dawa yake ni kuandika sababu. Kila habari inayotaja asili ya mtu iwe na sentensi moja ya ndani, inayobaki kwenye mfumo wa uhariri: "Asili imetajwa kwa sababu..." Sababu zinazokubalika ni chache: kosa lenyewe linadaiwa kutendwa kwa chuki ya rangi, malalamiko ni ya ubaguzi, au mtu anatafutwa na maelezo yake yanatosha kumtambua. "Polisi wameandika" si sababu. "Wengine wametaja" si sababu. Aliyeandika akishindwa kuimaliza sentensi hiyo, neno linatoka. Baada ya hapo geuza rangi: pale palipoandikwa "mwanamume mweusi" weka "mwanamume mzungu", usome kwa sauti. Sentensi ikikwaruza sikio, hata ile ya mwanzo haikuwa na haki ya kuwepo.

Pili, kimya kina gharama. Mkesha wa mwaka mpya wa 2016 mjini Cologne, Ujerumani, wanawake wengi walishambuliwa na kudhalilishwa kingono karibu na kituo kikuu cha treni. Asubuhi yake taarifa ya polisi ilisema sherehe zilipita kwa amani kwa kiasi kikubwa. Televisheni ya ZDF ikaja kukiri kwamba ilikosea kutoitangaza habari hiyo katika taarifa yake ya jioni ya Januari 4. Wengi huikumbuka Cologne kama kisa cha kuficha asili ya watuhumiwa, lakini kosa lililotangulia ni zito zaidi: tukio lenyewe lilicheleweshwa. Anayesubiri kumaliza mjadala wa asili ndipo aseme kwamba wanawake wameshambuliwa, ameshapoteza mambo yote mawili.

Kifungu cha Uingereza kina tundu jingine. Kinamlinda mtu mmoja mmoja, hakilindi kundi, hivyo safu ya maoni inayowatukana wahamiaji wote kwa pamoja inaweza kupita bila kukigusa. Anayetaka kukiiga aongeze mstari wa kundi.

Ya pili: itajwe kwa kila mtu

Mwaka 2016 gazeti la Sächsische Zeitung la Dresden liliamua kutaja asili ya kila mtuhumiwa, Mjerumani au mgeni. Hoja yake: kutotaja kunaacha mwanya wa uvumi, na uvumi huo unawaumiza walewale tunaodhani tunawalinda. Msomaji akikutana na neno "Mjerumani" habari baada ya habari, anaanza kuona uwiano halisi.

Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Ila njia hii inasimama kwa sharti moja gumu: iwe kila mara, bila kuruka. Ukiwataja wageni wote lakini wenyeji nusu tu, umejenga kitu kibaya kuliko ulichokikimbia, maana sasa ubaguzi una sura ya sera. Ili itekelezeke, mwandishi lazima apige simu polisi kwa kila habari ambayo taarifa yake haikutaja asili, na asipopata jibu aandike wazi kwamba polisi hawakuitaja. Dawati la watu watatu haliliwezi hilo kwa zaidi ya wiki mbili.

Tatizo la pili ni kipimo. Uraia unapatikana kwenye hati, rangi haipo. Mtu aliyezaliwa na kukulia Ujerumani, mwenye wazazi kutoka Uturuki, ataandikwaje? Chombo kinachochagua njia hii kitaje uraia tu, kisiongeze "mwenye asili ya", kwa sababu hapo ndipo mwenyeji wa vizazi viwili anapogeuzwa mgeni kwa kalamu.

Tena, kuwataja wote hakusaidii kama uteuzi wa habari umepinda tangu mwanzo. Ukichapisha kila wizi wa mtaa mmoja na kuruka wizi wa mtaa wa pili, asili zote zikitajwa kwa usawa bado hesabu ni ya uongo.

Ya tatu: tufuate polisi

Vyombo vingi viko kwenye njia hii bila kujua. Polisi wakitaja tunataja, wakinyamaza tunanyamaza. Ni rahisi, ni ya haraka, na inaonekana haina upande. Kwa maoni yetu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inamkabidhi mtu mwingine kazi ya uhariri, naye mara nyingine ni mhusika katika habari hiyohiyo.

Taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis kuhusu kifo cha George Floyd, Mei 25, 2020, ilikuwa na kichwa kinachosema mwanamume amefariki baada ya "tukio la kiafya" wakati wa kushughulikiwa na polisi. Goti la askari shingoni mwake halikutajwa. Bila video ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa kando ya barabara, chombo kinachonakili polisi kingekuwa kimemaliza kazi yake.

Boston, Oktoba 1989, Charles Stuart alidai mwanamume mweusi amempiga risasi yeye na mkewe mjamzito. Magazeti na televisheni zikaibeba kauli hiyo, polisi wakawapekua wanaume weusi wa mtaa wa Mission Hill kwa wiki kadhaa. Januari 1990 ndugu yake akafichua kwamba Stuart mwenyewe ndiye muuaji. Mwaka 1994, huko South Carolina, Susan Smith alidai mwanamume mweusi ameteka gari lake na watoto wake wawili wakiwa ndani. Zilipita siku tisa kabla hajakiri kwamba aliwazamisha mwenyewe. Katika visa vyote viwili "mwanamume mweusi" yalikuwa maneno ya shahidi mmoja tu, ambaye alikuwa na sababu ya kudanganya, na yakachapishwa kama maelezo ya mtu aliyepo.

Uingereza sasa inaisogelea njia hii. Julai 29, 2024, wasichana watatu waliuawa kwa kisu mjini Southport. Mitandao ikasambaza jina la uongo na madai kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa mashua. Polisi walisema mtuhumiwa ni wa miaka 17 na amezaliwa Cardiff, ila jina halikuweza kutajwa kwa sababu ya umri, mpaka jaji aliporuhusu Agosti 1. Ghasia zilikuwa zimeshaanza. Mei 26, 2025, gari lilipovamia umati wa mashabiki wa mpira Liverpool, polisi walitangaza jioni ileile kwamba wamemkamata Mwingereza mzungu wa miaka 53. Agosti 2025 ukatoka mwongozo wa muda unaowataka polisi wafikirie kutaja asili na uraia wa anayeshtakiwa katika kesi zenye mvuto mkubwa.

Uvumi unazimwa haraka, hilo ni kweli. Lakini fikiria hatua inayofuata. Polisi wakizoea kusema "ni mzungu" mara moja, siku watakayonyamaza kimya chao kitasomwa kama jibu. Chombo kinachowafuata hakina pa kusimama siku hiyo; chenye kanuni yake kinaweza kumweleza msomaji kwa nini hakijataja.

Nani achague ipi

Dawati dogo, tovuti ya watu wawili au watatu: ya kwanza, pamoja na sentensi ya sababu. Ni kazi ya dakika moja na inaacha ushahidi wa kukagua.

Gazeti kubwa lenye waandishi wa uhalifu wa kudumu, katika mahali ambapo uvumi wa asili umeota mizizi: ya pili inaweza kufaa, kwa uraia tu, kwa makosa ya aina zilizotajwa mapema, na kwa ukaguzi wa kila mwezi unaohesabu ni habari ngapi zilirukwa. Zikizidi moja katika kumi, rudini kwenye ya kwanza.

Dawati la tafsiri, linalopokea habari za mashirika ya nje: ya kwanza pia, na uangalifu uzidi, maana hapa maneno ya watu wengine yanaingia na uzito ambao Kiswahili hakikuuomba. "Muasia" katika habari ya Uingereza kwa kawaida ni mtu mwenye asili ya Pakistan, India au Bangladesh. Katika habari ya Marekani msomaji wa kule anamfikiria zaidi mtu mwenye asili ya China, Korea au Ufilipino. Andika nchi, si bara. Na kama mmoja ni "Mmarekani mweusi", mwenzake asiwe "Mmarekani" mtupu. Ama wote wawili wapewe rangi, ama wote wanyang'anywe.

Ya tatu hatumshauri mtu yeyote kuifanya sera.

Anayetafutwa: maelezo hafifu na maelezo kamili

Hapa njia zote tatu hukutana, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Weka haya mawili pamoja:

"Polisi wanamtafuta mwanamume mweusi wa miaka 20 hadi 30, mwenye fulana nyeusi."

"Polisi wanamtafuta mwanamume mweusi mwenye urefu wa mita 1.90 hivi, kichwa kimenyolewa, kovu chini ya jicho la kushoto, anayechechemea mguu wa kulia, aliyeondoka kwa pikipiki nyekundu isiyo na namba."

Kwa maelezo ya kwanza hakuna anayeweza kumtambua mtu. Anachoweza kufanya ni kuwaogopa wengi. Ondoa rangi, na kama kinachobaki ni fulana, ondoa sentensi nzima. Ya pili inafaa, na rangi ni sehemu moja tu kati ya nyingi. Kipimo chetu ni hiki: pawe na angalau alama tatu zisizohusu rangi wala nguo za kawaida. Associated Press ina sharti zuri la nyongeza: mtu akishakamatwa au kupatikana, rangi iondolewe. Wengi husahau. Habari ya Jumatatu iliyosema "mweusi" kwa sababu alikuwa anatafutwa inanakiliwa Jumatano alipokamatwa, na Ijumaa mahakamani, ambapo neno halina kazi tena.

Picha haifuati kanuni ya maneno

Chombo kinaweza kutotamka rangi mwaka mzima na bado kikadanganya. Martin Gilens alihesabu picha za watu maskini katika majarida makubwa matatu ya Marekani kati ya 1988 na 1992: weusi walikuwa asilimia 62 ya maskini waliopigwa picha, ilhali walikuwa asilimia 29 ya maskini wa nchi. Hakuna mhariri aliyeandika kwamba umaskini ni wa watu weusi. Msanifu kurasa alichagua picha, kila wiki, basi.

Juni 27, 1994, Time na Newsweek walitoa jalada lenye picha ileile ya polisi ya O.J. Simpson, mchezaji mweusi maarufu aliyekuwa ametuhumiwa kwa mauaji. Newsweek waliiacha ilivyo. Time waliitia giza, ngozi ikawa nyeusi zaidi na kivuli kikazidi. Likiwa peke yake mezani, jalada la Time lingeweza kupita. Yalipowekwa bega kwa bega kwenye kibanda cha magazeti, kila mtu aliona.

Kisha kimbunga Katrina. Agosti 30, 2005, New Orleans iko chini ya maji. Picha ya Associated Press inamwonyesha kijana mweusi akitembea ndani ya maji ya kifuani na vyakula mkononi. Maelezo yanasema amepora duka. Picha iliyosambazwa na AFP, shirika la habari la Ufaransa, inaonyesha wazungu wawili katika maji ya namna hiyohiyo, nao na vyakula. Maelezo yanasema wamevipata. Utetezi ukaja: Associated Press ilisema mpiga picha wake alimwona kijana akiingia dukani na kutoka na vitu, mpiga picha wa ile ya pili alisema vyakula vilikuwa vikielea nje ya duka. Inawezekana kila mmoja aliandika alichoamini. Kosa lilikuwa la mfumo: mashirika hayo hayakuwa na kanuni moja ya pamoja inayosema neno "kupora" linahitaji nini, na tovuti ya Yahoo ikazipokea zote mbili zilivyo.

Katika maelezo ya picha, basi, andika kinachoonekana: "akiwa amebeba mkate na vinywaji". Kitenzi cha kosa kiwepo tu kama mpiga picha alishuhudia tendo, na kisemwe alishuhudia nini. Kabla ya kuchagua picha ya mtu aliyeuawa au anayeshtakiwa, weka pamoja zote zilizopo, za familia, za shule na za polisi, ujiulize ungechagua ipi kama angekuwa wa rangi nyingine. Picha ya polisi ya mtu ambaye bado hajashtakiwa isitumike.

Vitenzi, na mtego ulio ndani ya Kiswahili

Mjadala wa Kiingereza umekaa kwenye kauli ya kutendwa: "ameuawa", bila kusema na nani. Kiswahili kina mlango mpana kuliko huo, nao ni kauli ya kutendeka. "Risasi ilifyatuka." "Vurugu zilizuka." Hapa mtenda hajafichwa tu, sarufi yenyewe inasema hakuwepo. Linganisha vichwa hivi vya mfano:

"Kijana afariki risasi zilipofyatuka kwenye msako"

"Askari ampiga risasi na kumuua mwanafunzi wa miaka 15"

Cha pili hakimhukumu askari; hakisemi alikusudia wala hakuwa na haki. Kinasema nani alifanya nini. Kama ni taarifa ya upande mmoja, tumia "kwa mujibu wa", usikimbilie kutendeka. Angalia pia "kijana" na "mwanafunzi". Watoto watano waliokamatwa katika kesi ya ubakaji wa Central Park, New York, 1989, walikuwa na miaka 14 hadi 16. Magazeti yaliwaita kundi la mbwa mwitu. Hukumu zao zilifutwa 2002, baada ya mtu mwingine kukiri na vinasaba vyake kuthibitisha. Mtu wa miaka 15 ni mtoto, awe wa rangi yoyote. Andika umri wake kwa tarakimu uache sifa.

Maneno mawili yanahitaji uamuzi wa dawati zima. La kwanza ni "wahamiaji haramu". Associated Press iliacha neno la namna hiyo kwa Kiingereza mwaka 2013, kwa hoja kwamba tendo linaweza kuwa kinyume cha sheria, mtu hawezi. Kwa Kiswahili neno ni kali zaidi, maana "haramu" limebeba najisi ya dini. "Wahamiaji wasio na vibali" linasema jambo lilelile. La pili ni "kauli tata ya rangi". Kama kauli inasema watu wa rangi fulani ni duni, ni kauli ya kibaguzi, na tangu 2019 Associated Press inawataka waandishi wake waseme hivyo pale inapostahili. Ukionea shaka, nukuu maneno yenyewe kwa ukamilifu, hayo yanajitosheleza.

Ikishaharibika

Kuna kurekebisha kimyakimya, kuna kuandika masahihisho, na kuna ukaguzi wa kumbukumbu. La kwanza tunalikataa: nakala ya zamani imeshasambaa, na msomaji aliyeona matoleo mawili hataamini lolote. Masahihisho yatosha kwa kosa moja, mradi yakae juu ya habari, yataje neno lililotolewa na sababu yake.

Ukaguzi ni kwa chombo kinachoshuku kwamba tatizo ni mazoea. Desemba 2020 The Kansas City Star liliomba radhi kwa miongo mingi ya kuwapuuza na kuwapaka matope wakazi weusi wa mji wake, baada ya waandishi wake kupekua kumbukumbu na kuzilinganisha na magazeti ya watu weusi ya mji huohuo, kama The Kansas City Call. Mbinu hiyo haihitaji fedha nyingi. Chagua wiki moja. Chukua habari zako zote za wiki hiyo zinazoihusu jamii fulani, na chukua zilizochapishwa na chombo cha jamii hiyo yenyewe. Zipange safu mbili mezani, siku kwa siku, na uanze na zile zilizopo upande wao ambazo upande wako hazipo kabisa.